Kitabu cha Stanley na Vitabu vya Leo Juu ya Nchi ya Katavi

Asomaye kitabu cha safari hupenda kujua mambo mawili: msafiri alikwenda wapi, na alichukua vyombo gani. Liko na swali la tatu, ambalo watu hawaliulizi sana, nalo ni hili: alimkuta nani? Kwa swali hilo nataka kuvipima vitabu viihusuvyo nchi yetu. Sisi tukaao Sitalike, kando ya mto Katuma, twaona wageni wakipita na vitabu mikononi, na vijana wetu wanaowaongoza hujifunza nchi yao wenyewe katika vitabu hivyo hivyo. Basi si neno dogo kujua vyasema nini.

Kitabu cha kwanza ni kile cha Henry Morton Stanley, How I Found Livingstone, kilichopigwa chapa mwaka 1872. Stanley aliondoka Bagamoyo mwaka 1871, akafika Unyanyembe. Huko alikuta njia ya Ujiji imefungwa kwa vita vya Mirambo, akazunguka upande wa kusini kupitia Ukonongo na Ukawendi. Ukonongo leo umo katika mkoa wetu wa Katavi, na kwa hiyo kitabu hiki ni chetu pia.

Makosa yake ni makubwa, wala hayakufichwa. Mwandishi mwenyewe asimulia jinsi alivyowapiga wapagazi mijeledi, na jinsi alivyomwelekezea bunduki Asmani, kirangozi wake, safari ilipokataa kuendelea karibu na mto Gombe. Tena husema kana kwamba njia ilianza siku aliyoikanyaga yeye, hali aliongozwa na watu walioijua tangu zamani.

Hata hivyo, iko sehemu moja ambayo naisifu, nayo ndiyo ambayo wasomaji wengi huiruka: habari za mizigo. Huko Unguja Stanley aliwauliza wafanya biashara, akaambiwa kwamba watu 100 watahitaji nguo doti 10 kila siku kwa chakula, na doti moja ni yadi 4. Kwa mwaka mmoja akahesabu merikani doti 2,000, kaniki doti 1,000, na nguo za rangi doti 650. Halafu zikaja shanga, na hapo akafundishwa adabu. Shanga nyekundu za samesame zilipokewa Unyamwezi; nyeusi zilikubaliwa Ugogo tu; nyeupe zilifaa Ufipa, bali Ukonongo zilidharauliwa.

Msomaji, tafakari neno hilo. Mtu mwenye bunduki na fedha za gazeti la New York hakuweza kununua chakula Ukonongo kwa shanga zisizopendwa na Wakonongo. Ilimpasa kuuliza kwanza, wenyeji wapenda nini? Katika orodha ile ya mizigo twawaona babu zetu wakiwa watu wenye soko na bei, waliojua kuchagua na kukataa. Stanley hakukusudia kuwaheshimu, lakini vyombo vyake vimewashuhudia.

Sasa tuvitazame vitabu vya leo vya kuwaongoza watalii, pamoja na matangazo ya safari. Havina matusi, na katika mambo mengi husema kweli. Vyaeleza vema kwamba wakati wa kiangazi maji ya Katuma hupungua, na viboko husongamana katika madimbwi yaliyobaki. Vyaeleza jinsi ya kuruka kwa ndege hadi kiwanja cha Ikuu. Navyo pia vina orodha ya vyombo: kofia, darubini, dawa ya malaria, na onyo la kutovaa nguo nyeusi wala za buluu, kwa maana rangi hizo huwavuta mbung'o. Shauri hilo ni jema. Lakini angalia tofauti: zamani msafiri aliuliza Wakonongo wapenda shanga za rangi gani, leo huuliza mbung'o wapenda nguo za rangi gani. Mwenyeji ametoka katika orodha, na mdudu ameingia mahali pake.

Ndipo neno linalorudiwa sana, yaani pori lisiloguswa na mtu, linapokosa ukweli. Nchi hii ilifanywa hifadhi ya wanyama na Wadachi mwaka 1911, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1974, ikapanuliwa mwaka 1998. Kabla ya hayo watu walikuwamo wakilima na kuwinda. Katika miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza ilianza kuwahamisha watu wengi wa nchi za magharibi na kuwakusanya pamoja kwa ajili ya ugonjwa wa malale. Hata jina la Katavi ni la mzimu wa kale, ambao wenyeji huutolea sadaka chini ya mkwaju karibu na ziwa. Vitabu huutaja mzimu huo kwa mstari mmoja, kama pambo, na kuwaacha Wapimbwe na Wabende waliouheshimu. Mahali penye jina palipata kuwa na mtu aliyeliita.

Hukumu yangu ni hii. Kitabu cha Stanley chawaonea watu, lakini chawataja. Vitabu vya leo haviwaonei, lakini vimewasahau. Kosa la kwanza kila msomaji hulitambua. La pili hupita kimya, na kijana wetu hulirudia mbele ya mgeni akidhani ndiyo elimu.

Kwa hiyo nawashauri walimu wenzangu: someni vitabu hivi pamoja na wanafunzi, na kila ukurasa waulizeni, hapa alikaa nani? Pasipo jibu, waende kwa wazee wakalitafute na kuliandika. Husemwa, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini kitabu kisichomjua mwenyeji, kitamponya nani?