Vigingi Viwili vya Farasi wa Mpingo

Kila mwandishi anayetaka kuchanganya uchawi na mitambo ningemshauri aanze na kisa cha farasi wa mpingo katika Alfu Lela Ulela. Wenye hekima watatu wanamletea mfalme wa Uajemi zawadi: tausi wa dhahabu anayehesabu saa, tarumbeta linalolia adui akifika langoni, na farasi wa mpingo anayeruka angani. Mwana wa mfalme anampanda kumjaribu. Anaonyeshwa kigingi cha kupaa, anakizungusha, na papo hapo farasi anaondoka naye. Cha kushukia hakuonyeshwa.

Hapo ndipo ufundi wa msimulizi unapong'aa. Kijana yuko juu mawinguni, na kinachomwokoa si neno la siri. Anamkagua farasi kiungo kwa kiungo, mpaka mkono wake unagusa kitu kama kichwa cha jogoo kwenye bega la kulia, na kingine mfano wake kushoto. Anazungusha cha kulia, farasi anazidi kupaa. Anajaribu cha kushoto, mwendo unapungua, na kidogo kidogo wanaanza kuteremka. Nguvu yenyewe inatoka wapi? Hatuambiwi, na wala hatuulizi. Tumeshaona inavyowashwa na inavyozimwa, tumeona pia kwamba asiyeijua inaweza kumwangamiza. Mwishoni mfalme anaamuru farasi avunjwe, naye anavunjika kama chombo chochote kilichoundwa kwa mikono.

Visa vya Alfu Lela Ulela vilizunguka katika ulimwengu uliozijua mashine. Huko Baghdad katika karne ya 9, ndugu watatu walioitwa Wana wa Musa waliandika kitabu kizima cha vifaa vya werevu. Mwaka 1206 mhandisi al-Jazari naye alikamilisha chake, ndani yake mna saa ya tembo na chombo cha kunawia mikono chenye umbo la tausi, mitambo iliyoendeshwa kwa maji na maboya. Kwa watu waliosikia habari za vitu kama hivyo, tausi wa dhahabu anayehesabu saa alikuwa hatua moja tu mbele ya walichokijua. Naamini hatua hiyo moja ndiyo siri yote ya kuchanganya uchawi na mitambo.

Katika zama zetu, aliyenifurahisha zaidi kwa ufundi huu ni Brandon Sanderson wa Marekani. Katika Mistborn, riwaya iliyotoka mwaka 2006, kuna watu wanaomeza chembe za metali na kuzichoma tumboni ili wapate nguvu. Anayechoma chuma cha pua husukuma metali iliyo karibu naye. Sarafu ikiwa hewani, inaruka kama risasi. Ikiwa imelala chini haina pa kwenda, kwa hiyo anayeruka ni yeye. Newton angekubali.

Lakini kilichonivutia hasa ni The Alloy of Law, ya mwaka 2011. Dunia ileile imesonga mbele karne tatu hivi, sasa ina reli, bunduki na taa za umeme. Mwandishi mvivu angeufukuza uchawi injini ilipoingia, au angeuacha ukae kando kama pambo. Sanderson anauliza maswali ya mfanyabiashara na ya polisi. Ikiwa mtu anaweza kusukuma risasi, atapigwaje? Kwa risasi za aluminiamu, metali asiyoweza kuisukuma. Nayo ni adimu na ghali, kwa hiyo majambazi wanaiwinda. Kanuni moja ya uchawi imezaa bei, bei imezaa wizi, na wizi umezaa riwaya. Huu ni ufundi mkubwa, na unastahili heshima ileile tunayompa mshairi anayetunza vina na mizani.

Wenzangu mnaoandika kwa Kiswahili, majini tunao, na simu zimejaa mifukoni. Msimlete jini aje kumwokoa shujaa pale hadithi ilipokwama. Mkimtia ndani ya mnara wa simu, tuambieni anakula nini, nani anamlisha, anaogopa nini, na siku akigoma, mama aliyekuwa akingoja pesa za dawa kwenye simu yake atafanyaje. Andikeni hayo, tutawasoma.