Kitale Ina Hazina Hii, na Sisi wa Matisi Tunaipita Tu!

Watu wa Matisi, nimetoka Makumbusho ya Kitale nikiwa nahema, na siwezi kungoja mpaka kesho kuwaambia. Nendeni! Kutoka huku kwetu hata nauli ya bodaboda haiumi. Anayetoka Bungoma apande matatu ya kupitia Webuye na Kiminini, na jioni atakuwa amerudi kwake.

Niliingia nikitarajia wanyama waliokaushwa na vipepeo waliochomwa pini. Wapo, na wengi wao waliachwa na Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyefungua jumba lake la makumbusho mwaka 1926. Alipofariki mwaka 1966 aliusia mkusanyiko wake kwa nchi, na jengo hili la sasa likafunguliwa Desemba 1974. Historia nzuri, lakini sicho kilichonishika koo.

Kilichonishika ni kigoda cha Waturkana! Wenyewe wanakiita ekicholong. Sogea karibu ukitazame vizuri. Ni mti mmoja, umechongwa bila kiungo wala msumari: mguu unapanda, unajikunja kidogo, kisha unafunguka kuwa kiti chembamba. Mchana mwanamume hukikalia kwenye mkutano; usiku hukilaza chini ya shingo kama mto, ili nywele alizozisuka na kuzikandika udongo zisiharibike. Akisafiri, hukibeba mkononi kwa ukanda wa ngozi. Kiti, mto na fahari ya mwenyewe, vyote ndani ya kipande kimoja cha mti! Anayedhani uchongaji mzuri lazima uwe sanamu ya kuwekwa mezani, asimame mbele yake. Kuna pia abarait, kisu cha duara kinachovaliwa mkononi kama bangili, makali yake yakifunikwa kwa ngozi mpaka yatakapohitajika. Nilikizunguka na kukizunguka.

Wapokot wapo, Wamarakwet wapo. Ndiyo raha ya mji wetu: Mlima Elgon uko magharibi, vilima vya Cherangany mashariki, na ukishika barabara ya kaskazini unafika Pokot na Turkana. Majirani ambao tunakutana nao sokoni tukipigania bei ya mbuzi, hapa unawajua kwa kazi ya mikono yao.

Halafu toka nje. Jamani, nje! Yamejengwa maboma ya kienyeji, la Waluhya, la Wanandi, la Wajaluo, na unaingia ndani ya nyumba kwa kuinama, kama inavyotakiwa. Kaa kidogo macho yazoee giza, kisha inua kichwa utazame paa kwa ndani: fito zinavyokutana kileleni, kamba zilivyofungwa, nyasi zilivyolazwa tabaka juu ya tabaka ili mvua ya Trans Nzoia iteleze. Hiyo ni sanaa, tena ya juu sana, na mafundi wake wengine bado wako vijijini kwetu. Kwa Wajaluo kile kijiti kinachochomoza juu ya paa huitwa osuri, na mwenye boma akifa huondolewa. Mpita njia hahitaji kuuliza, paa limeshamwambia.

Watoto watawavuta kwenda kwa nyoka, mamba na kobe. Waacheni waone, lakini msiishie hapo. Nyuma kuna njia ya msituni yenye ndege tele, na ukibahatika utamwona mbega juu ya miti. Njia hiyo inaungana na bustani ya miti ya asili ya kituo cha Olof Palme. Mimi ningetenga saa nzima kwa msitu huo peke yake.

Na kama ukitoka hapo una kiu ya kuona sanaa ikicheza kwa miguu yake, subiri Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, uje vijiji vya Wabukusu. Mvulana anayekwenda jandoni huzigonga chinyimba, kengele za chuma, kwenye bangili za mikononi, umati ukimjibu kwa nyimbo. Asubuhi anarudi kutoka mtoni amepakwa udongo mwili mzima, na wimbo wa Sioyaye unaimbwa mpaka nywele zinasimama. Ukishakaa na vitu vya jumba lile kwa utulivu, utazitazama chinyimba kwa jicho jingine kabisa: chuma kimefuliwa na fundi, kikapewa sauti.

Kwangu mimi hakuna mahali pazuri kuliko hapa pa kumpeleka mgeni katika Kitale nzima. Walimu wa Matisi, leteni madarasa. Wachoraji wa mabango, maseremala, mafundi wa kushona, njooni na daftari mchore. Na wewe unayesoma, Jumamosi hii mchukue kukhu, bibi yako, mwende pamoja, umketishe mlangoni mwa ile nyumba ya Waluhya, kisha umwombe akueleze kila chombo na kazi yake.