Kikombe cha Hedhi Kinataka Mwalimu

Mwaka 2012 watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wenzao wa chuo cha tiba ya tropiki cha Liverpool, Uingereza, walianza jaribio katika shule 30 za msingi huko Siaya, magharibi mwa Kenya. Wasichana wa miaka 14 hadi 16 katika baadhi ya shule walipewa kikombe cha hedhi. Wa shule nyingine walipewa pedi 16 kila mwezi, na waliobaki waliendelea na desturi zao. Wengi husimulia matokeo ya afya, hasa kwamba magonjwa ya zinaa yalipungua kwa waliopewa vifaa. Kilichonivuta mimi ni kasi ya kujifunza. Mwezi wa kwanza takriban wasichana wanne kati ya kumi ndio waliosema wamekitumia kikombe, na baada ya mwaka wakawa wanane kati ya kumi. Watafiti hawakutegemea maneno pekee. Walikagua pia rangi ya kikombe chenyewe, maana silikoni iliyokwisha kutumika miezi kadhaa hubadilika rangi.

Swali langu ni hili: mwezi ule wa kwanza ugumu ulikuwa wapi?

Kikombe hakifyonzi damu, huikinga. Pedi ikikaa upande bado itafyonza kiasi, lakini kikombe kilichokaa upande hupitisha damu pembeni moja kwa moja. Watumiaji wapya wengi wakiona nguo imelowa hudhani kimejaa. Hesabu inakataa. Kikombe cha ukubwa wa kati hubeba kama mililita 25, na wastani wa damu ya hedhi nzima ni mililita 30 hadi 40. Kwa mwenye hedhi ya kawaida, kujaa ndani ya saa chache ni nadra. Mara nyingi kinachovujisha ni ukingo ambao haukufunguka.

Kufunguka ndiko kazi yote ilipo. Kikombe huingizwa kimekunjwa, kwa mkunjo wa herufi C au kwa kusukuma ukingo mmoja ndani hadi uwe na ncha nyembamba. Ncha hii huwafaa zaidi wanaoanza. Kikiwa ndani, silikoni hutaka kurudi katika umbo lake, na ili itanuke ni lazima hewa iingie nyuma ya mkunjo. Ndiyo kazi ya vile vitundu vidogo chini ya ukingo. Vikizibwa na damu iliyokauka, kikombe hubaki kimesinyaa na mwenyewe hajui. Kipimo ni kidole: kizungushe kwenye kitako cha kikombe. Ukihisi duara laini pande zote, kimefunguka. Ukigusa bonde au kona, kizungushe kikombe kidogo au ukivute chini kiasi, kisha ukiachie.

Mwelekeo nao huwapotosha wengi. Msichana husukuma juu, kuelekea kitovu, hali uke umelalia nyuma kuelekea mfupa wa mkia. Akisukuma juu anagonga ukuta, anaumia, misuli inakaza, na safari inayofuata anaanza akiwa na hofu. Hapa wasichana wa vijijini wana faida ambayo vipeperushi vya Ulaya havikuifikiria: wamezoea kuchuchumaa. Mchuchumao hufupisha njia ya uke, na kikombe kinafikika kwa urahisi kuliko kwa aliyekaa juu ya kiti cha choo.

Kuna hofu nyingine ambayo lazima ijibiwe kabla ya mkunjo wowote, hofu kwamba kitapotelea tumboni. Hakiwezi. Mwisho wa uke kuna shingo ya kizazi, ambayo kwa kidole huhisiwa kama ncha ya pua, na tundu lake ni dogo mno kupitisha kikombe. Siku za hedhi shingo hiyo hushuka kwa wengi, kwa hiyo kikombe kirefu kinaweza kuchungulia nje na kumchubua mwenye shingo iliyo chini. Huyo anahitaji kikombe kifupi. Kumwambia avumilie ni kumwonea.

Kutoa ndiko kunakowaliza wengi. Kile kijikia cha chini kinaonyesha kikombe kiko wapi, hakikuwekwa ili kivutwe. Ukivuta kijikia peke yake unavuta pia nguvu ya mnyonyo iliyokishika kikombe, na maumivu yake humfanya mtu aape kutokirudia. Anayejua hujikaza kama anayekwenda haja hadi kitako kishuke, hukibana kwa vidole viwili mpaka hewa ipenye, kisha hutoa ukingo upande mmoja baada ya mwingine. Juu ya choo cha shimo akishike imara, kwa kuwa Siaya vikombe kadhaa viliishia humo.

Faida kubwa kwa mwanafunzi ni saa. Kikombe huweza kukaa hadi saa 12, kwa hiyo msichana anakimwaga alfajiri na jioni, nyumbani, penye maji na faragha. Shule ambayo choo chake hakina komeo haimlazimishi kitu siku hiyo. Nyumbani nako kuna jambo la kupangwa: kikombe huchemshwa dakika chache kabla ya kutumika mara ya kwanza na baada ya kila hedhi, na sufuria ni ya jikoni, mbele ya macho ya watu. Ni haki ya msichana apewe kisufuria chake pamoja na kikombe. Kukinunua kikombe cha kudumu hadi miaka kumi, kisha ukakosa chombo cha kukichemshia, ni kazi iliyoachwa nusu.

Yapo mengine ya kusemwa waziwazi kabla msichana au mwanamke hajachagua. Mwenye kitanzi cha uzazi wa mpango amwone kwanza muuguzi, kwani kikombe kinaweza kukiondoa mahali pake. Kizinda kinaweza kutanuka au kuchanika, na familia zinazojali jambo hilo zina haki ya kuambiwa ukweli mapema. Homa kali ya ghafla, kutapika na vipele wakati wa kukitumia ni dalili za sumu ya bakteria. Ni nadra sana, lakini kikombe kitolewe mara moja na mgonjwa aende hospitali.

Mapitio ya tafiti 43 yaliyochapishwa mwaka 2019 katika Lancet Public Health yalikuta uvujaji wa kikombe kwa jumla ni sawa na wa pedi na tamponi au pungufu, na kwamba kukizoea huchukua hedhi kadhaa, na watumiaji husaidika wakiwa na wenzao wa kuulizana. Lakini naona sherehe za kugawa vikombe zenye picha nyingi na hotuba, zikifuatwa na kimya. Msichana anabaki na kijitabu chenye michoro, hedhi ya kwanza inavuja, na kikombe kinaingia chini ya sanduku. Nauli ya muuguzi au mwalimu wa kike kurudi mwezi wa pili na wa tatu iwe kwenye bajeti kabla kasha la kwanza halijaagizwa. Akirudi, asianze kwa kumuuliza msichana kama anakipenda. Amuulize kwanza kidole kilihisi nini kilipozunguka kitako cha kikombe: duara, au kona?