Zhajiangmian: Rojo la Nguruwe na Soya kwa Tambi za Nyumbani

Zhajiangmian ni tambi za ngano zinazoliwa kwa rojo la nyama ya nguruwe na soya iliyochachushwa, pamoja na mboga zilizokatwa nyembamba. Ni chakula cha familia cha kaskazini mwa China, na Beijing ndio mji unaotajwa nacho zaidi. Viungo vyake ni vichache na vya kawaida. Kinachotofautisha bakuli tamu na bakuli la hivihivi ni namna rojo lilivyokaangwa.

Rojo hujengwa juu ya vitu viwili. Cha kwanza ni huangjiang, yaani soya na unga wa ngano vilivyochachushwa pamoja, ya rangi ya hudhurungi na yenye chumvi kali. Cha pili ni tianmianjiang, ambayo kwa sehemu kubwa ni unga wa ngano uliochachushwa, laini na yenye utamu kidogo. Kila nyumba ina kipimo chake, na wapo wasiotia tianmianjiang kabisa. Sehemu mbili za huangjiang kwa moja ya tianmianjiang ni mwanzo mzuri, kwa kuwa utamu hupunguza ukali wa chumvi bila kuufunika. Wapishi wengi wa Beijing hupendelea huangjiang ya Liubiju, duka la kale lililo karibu na Qianmen. Huangjiang iliyokaushwa huwa ngumu, hivyo hupondwa na kulainishwa kwa maji kwanza. Kwa walaji wanne, gramu 200 za mchanganyiko huo na gramu 300 za nyama zinatosha.

Nyama inayofaa ni ya tumboni, iliyotolewa ngozi. Hukatwa kwa kisu vipande vya nusu sentimita hivi, na mafuta hutengwa na mnofu. Kazi hii huchosha mkono, na wengi huikwepa kwa kununua nyama ya kusaga. Nyama ya kusaga huachia maji mengi kwa mpigo, hugandamana, kisha hupotelea ndani ya rojo. Kipande kilichokatwa kwa kisu hubaki na utafuno wake hadi mwisho.

Vipande vya mafuta hutangulia karaini, pamoja na kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia, kwa moto wa wastani. Vikishayeyusha mafuta yao na kingo kuwa za dhahabu, mnofu hufuata. Hapo sikio lina kazi: mwanzoni nyama hulia kwa mvuke mzito, kisha maji yakikauka mlio hugeuka kuwa wa kupasukapasuka, mkavu. Huo ndio wakati wa kutia tangawizi iliyokatwakatwa, sehemu nyeupe za majani ya kitunguu, na kijiko cha mvinyo wa mchele wa Shaoxing.

Rojo la soya, likiwa limezimuliwa kwa maji hadi limiminike kutoka kijikoni, huingia moto ukiwa umeshushwa. Kuanzia hapa mpishi hana pa kwenda kwa muda wa nusu saa. Maadamu rojo lina maji mengi, joto lake halipandi sana kupita nyuzi 100, na katika joto hilo rangi na harufu hubadilika polepole. Maji yakiendelea kutoka, joto hupanda; sukari na amino asidi zilizoachwa na uchachushaji huanza kuungana, harufu ya soya mbichi hutoweka, na harufu nzito ya kukaangwa huchukua nafasi yake. Hatari nayo hukua kwa kasi hiyohiyo. Wanga na sukari hushuka chini na kushika karai, na zikiungua sehemu moja tu, uchungu huenea kwenye rojo zima. Kwa hiyo mwiko haupumziki, na rojo likikaza mapema huongezwa kijiko cha maji, kisha kingine likihitaji.

Jicho ndilo linaloamua kama limeiva. Mapovu madogo ya haraka huwa makubwa na ya uvivu, rangi hukolea, na mafuta mekundu yaliyotakata hujitokeza kingoni. Mwiko ukiburutwa katikati huacha njia inayoonyesha sakafu ya karai, na mafuta hutiririka kuijaza. Anayepunguza mafuta mno hafiki hapa, kwani huishia na rojo kavu linaloshika karai kabla halijakaangika. Chumvi haiongezwi kamwe. Moto ukizimwa, majani ya kitunguu yaliyokatwa huchanganywa humo yapate joto la mwisho.

Unga wa tambi hukandwa kwa maji yasiyozidi nusu ya uzito wake na chumvi kidogo, hivyo huwa mgumu kuliko wa chapati. Hupumzishwa nusu saa ili uache kuvuta nyuma, husukumwa, hunyunyizwa unga mkavu, hukunjwa na kukatwa. Tambi huchemshwa katika maji mengi. Kila povu linapopanda hutiwa kikombe cha maji baridi, mara mbili au tatu, ili kiini kiive bila nje kulegea. Majira ya joto husuuzwa kwa maji baridi. Majira ya baridi hutoka sufuriani moja kwa moja hadi bakulini.

Mboga hufuata msimu: tango na figili zikiwa mbichi, choroko zilizochipua, selari na soya nzima zikiwa zimechemshwa kidogo. Zina kazi halisi, maana maji na ukakasi wake hupunguza uzito wa mafuta na chumvi. Bakuli moja huhitaji vijiko viwili tu vya rojo, na mlaji huchanganya mwenyewe. Punje mbichi ya kitunguu saumu hung'atwa kando.

Chakula hiki kilivuka bahari hadi Korea pamoja na wahamiaji wa Kichina kutoka Shandong, baada ya bandari ya Incheon kufunguliwa mwaka 1883. Jajangmyeon ya Kikorea ilishika njia yake: rojo ni jeusi na tamu zaidi, lina vitunguu maji vingi, na huongezwa wanga mwishoni ili liwe zito na lenye kung'aa. Rojo la Beijing halihitaji wanga huo, kwa sababu uzito wake umeshapatikana kwa kukausha maji.

Rojo linalobaki hutiwa kwenye chupa safi pamoja na mafuta yake na kuwekwa kwenye friji, ambako hukaa siku kadhaa. Hupashwa kwa moto mdogo na kijiko cha maji, kwani likipashwa kavu huungua chini kabla katikati hakujapata moto.