Kudumaza, Kupogoa na Kupamba: Uhakiki wa Istilahi za Bonsai ya Msindano

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki vitenzi vitatu ambavyo mfasiri huvutwa kuvitumia anapomweleza mwanafunzi jinsi ya kuchukua mche wa msindano kitaluni na kuugeuza bonsai. Huenda msomaji akaona kuwa jambo hili ni dogo. Kwa maoni yetu si dogo, kwani neno likikosewa hapa, mti hufa.

Tuchukue mfano wa Nyakakika, kata iliyomo wilayani Karagwe, mkoani Kagera. Msomaji wa huko anakijua kitalu, anakijua kiriba, na ameulea mbuni. Katika Karagwe na Kyerwa, zilizokuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, umekuwapo mradi wa upandaji miti uitwao Emiti Nibwo Bulora, yaani miti ndiyo uhai. Msomaji wa namna hii hukipima kila kitenzi cha mwongozo kwa kazi aliyokwisha kuifanya kwa mikono yake.

Tuanze na jina lenyewe. Neno bonsai latoka Japani, na sanaa yenyewe ilianzia China. Sehemu ya kwanza ya neno yamaanisha chombo cha kina kifupi, mfano wa sinia. Ya pili yamaanisha kupanda. Basi jina halisemi lolote juu ya udogo wa mti. Wanaopendekeza “mti kibete” hutafsiri kile wanachokiona, wala si kile kinachotajwa. Tena yapo mimea iliyo mifupi kwa asili yake, na hiyo si bonsai. Kwa kuwa dhana yenyewe ni ngeni na neno lake laishia kwa irabu, hatuoni sababu ya kulikataa: bonsai hii, bonsai hizi.

Kosa kubwa zaidi ni “kudumaza”. Udumavu ni neno la maofisa wa lishe, na hutaja hali ya mtoto asiyekua ipasavyo kwa kukosa chakula bora au kwa kuugua mara kwa mara. Mwalimu akisoma kwamba bonsai ni mti uliodumazwa, atawaambia wanafunzi waunyime maji na mbolea. Ukweli ni kinyume chake. Mti huo humwagiliwa, hulishwa na kuwekwa juani. Udogo wake hutokana na kukatwa matawi na mizizi kwa kipimo. Mti wenye njaa hauna nguvu za kuponya jeraha la mkasi.

Kitenzi cha pili, “kupogoa”, ni sahihi kamusini lakini hupotosha kazini. Bwana miti apogoapo msindano wa mbao huondoa matawi ya chini ili shina lipande bila vifundo. Fundi wa bonsai huyahifadhi hayo hayo matawi ya chini, kwa maana ndiyo yanayonenepesha shina na kuupa mti sura ya uzee. Akatacho ni kilele. Msomaji wetu wa Nyakakika akiambiwa “pogoa” tu, ataondoa alichotakiwa kukitunza. Tena misindano mingi haichipui katika sehemu ya tawi isiyo na sindano. Kwa hiyo mwongozo hauna budi kutaja kinachokatwa, mahali kinapokatiwa, na kiasi cha sindano zinazobakizwa.

La tatu ni “kupamba”. Kitenzi hiki huifanya kazi ionekane ya siku moja, kama kumpamba bibi harusi. Anayeanza hukata, hufunga waya na kubadilisha chombo kwa mkupuo mmoja, kisha hushangaa mti unapokauka. Twapendelea “kuunda umbo”, kwa sababu kuunda huvumilia muda. Kupinda tawi kuna neno lililokwisha kuwapo kahawani: mkulima wa robusta huinamisha shina changa la mbuni ili litoe machipukizi. Fundi naye huinamisha tawi kwa waya, na huufungua kabla haujazama katika gome.

Kuhusu mizizi, “kuosha” kusitumiwe kwa msindano. Mti huu si wa asili ya Tanzania, na mabwana miti walitambua zamani kwamba miche haistawi vizuri bila kuchanganyiwa udongo uliotoka chini ya misindano mikubwa, wenye kuvu wanaoshirikiana na mizizi. Anayeosha udongo wote hupoteza kuvu hao na kuijeruhi mizizi.

Kwa hiyo twapendekeza:

Bonsai: mti uliopandwa katika chombo cha kina kifupi na kuundwa umbo kwa miaka.
Kukata kilele: kuondoa ncha ya shina ili tawi la chini yake lishike nafasi yake.
Kuinamisha: kupinda tawi kwa waya.
Kupunguza mizizi: kukata sehemu ya mizizi, hasa iliyozungukana kiribani, na kubakiza sehemu ya udongo wa awali.

Wafasiri wanaweza kuyakubali au kuyarekebisha mapendekezo haya. Tunachosisitiza ni kwamba istilahi ya ufundi isipitishwe mezani pekee. Na ipelekwe kitaluni, apewe mtu mkasi na mwongozo, kisha msindano utazamwe baada ya miezi michache.