Chama Amesajiliwa, Chama Kimesajiliwa

Julai 2024, Clatous Chama alipotoka klabu ya Simba na kutua Yanga, yeyote aliyetaka kupima mazungumzo ya Kiswahili mtandaoni alikutana na neno moja lenye watu wengi ndani yake. Mashabiki walikuwa wakimtaja kiungo huyo wa Zambia, na wanasiasa na wafuasi wao wakivitaja vyama vyao kama wafanyavyo kila siku. Kompyuta ikiambiwa tu ihesabu "chama", inazoa vyote kwa mkupuo, na mchoro unaotoka hauwezi kusema chochote cha maana juu ya mpira wala siasa.

Mchambuzi mwenye mkono mzuri hutazama kinachofuata. "Chama amesajiliwa" ni mchezaji. "Chama kimesajiliwa" ni siasa. "Chama langu" ni shabiki anayejivunia timu yake, iwe Simba au Yanga. Kiambishi kimoja kinatenga mafungu matatu, na naona uzuri mkubwa hapo, kwamba sarufi tuliyoinyonya utotoni inageuka chombo cha kupimia. Neno "Simba" linahitaji uangalifu zaidi, maana ni jina la klabu, ni la mnyama wa porini, na ni la msanii Diamond Platnumz pia. "Simba imeshinda" haina utata. "Simba ameua" inaweza kuwa habari ya Serengeti au ya uwanjani, na hapo sarufi imefika mwisho wake.

Yanayobaki husomwa kwa macho. Wasomaji wawili hupewa fungu lile lile la jumbe, kila mmoja akiwa peke yake, kila ujumbe autie alama: mpira, siasa, vyote viwili, au si chochote. Kisha majibu hulinganishwa kwa kipimo alichokitoa mtaalamu wa takwimu Jacob Cohen mwaka 1960, ambacho hupunguza kwanza makubaliano ambayo yangetokea kwa bahati tu. Wakitofautiana mno, hawalaumiwi. Maelekezo ndiyo yanayoandikwa upya, na kazi inaanza tena. Ni kazi ya kuchosha, na hakuna anayeiona kwenye mchoro wa mwisho.

Saa nayo ina mtego wake. Data nyingi huhifadhiwa kwa saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa 3. Mechi iliyoanza saa 11 jioni Dar es Salaam inasomeka 14:00, na asiyerekebisha atajikuta anaoanisha kelele za bao na hotuba ya mchana.

Baada ya hayo ndipo mchoro unapoanza kusomeka. Mfano ni Julai 8, 2014: Ujerumani ilipoifunga Brazil 7-1, Twitter ilitangaza twiti milioni 35.6 kuhusu mechi hiyo. Kilele chake, twiti 580,166 kwa dakika, kilikuja kwa bao la tano, la Sami Khedira, dakika ya 29. Mtu wa haraka atasema hilo ndilo bao lililowashtua watu kuliko yote. Mchambuzi anakumbuka kwamba mabao ya dakika ya 23, 24 na 26 yalikuwa yametangulia, na kelele za moja hazijatulia kabla ya jingine kuingia. Anauliza bao la tano liliongeza kiasi gani juu ya kile kilichokuwepo tayari. Swali hilo dogo ndilo ninalolistahi kuliko programu yoyote.

Siasa haina kipenga, wala haina dakika 90, na hapo ndipo ustadi hupimwa kweli. Mwaka 2010 watafiti wa Munich walichapisha hesabu ya twiti zaidi ya 100,000 za kabla ya uchaguzi wa Ujerumani wa 2009, wakaonyesha kuwa sehemu ya kutajwa kwa kila chama ilikaribia sehemu yake ya kura. Habari iliwapendeza wengi. Mtafiti Andreas Jungherr na wenzake wakairudia hesabu na kuuliza ni vyama gani vilivyokuwa kwenye orodha. Vilikuwa vile vya bungeni tu. Walipokiongeza Chama cha Maharamia, kilichopendwa sana na vijana wa intaneti, kikaongoza kwa kutajwa kuliko vyote. Kwenye masanduku kilipata asilimia 2 ya kura, na hakikupata kiti hata kimoja.

Siku hizi hata malighafi imekuwa adimu. Mwaka 2023 Twitter iliwafungia watafiti mlango wa data za bure, na Agosti 14, 2024 Meta ikaizima CrowdTangle, iliyokuwa ikitumika kufuatilia kurasa za Facebook na Instagram. Wanaoendelea na kazi hii huokota kidogo kidogo, na ripoti zao nilizozipenda zaidi hutanguliza, kabla ya mchoro wowote, orodha kamili ya maneno waliyoyatafuta na akaunti walizoziacha nje, ili msomaji mwenye shaka aweze kuhesabu upya mwenyewe.