Mkongo wa Nimule na Madishi ya Juba

Mgeni aliyezoea madishi ya Ulaya, yanayoegemea ukuta na kutazama upeo wa macho, akifika Juba, Sudan Kusini, na kuinua macho juu ya mapaa ya maofisi na hospitali, hukosa kuelewa kwa nini madishi makubwa ya mji huu yamelala chali kama mabakuli yanayokinga mvua. Sababu ni kwamba Juba iko kwenye digrii 5 hivi kaskazini ya Ikweta, ilhali setilaiti za desturi ya zamani hukaa sawasawa juu ya mstari huo, kilomita 35,786 kutoka ardhini, hata dishi la huku aghalabu likatazama karibu na utosi. Na kwa kuwa ni bakuli, hukinga mvua kweli. Majira ya mvua ya Juba huanza mnamo Aprili na kuendelea mpaka Oktoba, na fundi hodari hutoboa tundu dogo mahali pa chini kabisa pa dishi ili maji yasituame, kisha hupanda mara kwa mara kuondoa majani na vumbi lililogeuka tope, kwani tundu likiziba, maji hujaa, na ishara hudhoofika hata baada ya mbingu kutakata.

Wingu zito likitanda, mawimbi mafupi ya bendi za Ku na Ka humezwa na matone, mazungumzo yakakatika. Yale marefu ya bendi ya C hustahimili zaidi, ila hutaka dishi la mita 2.4 au zaidi, na gharama yake. Fauka ya hayo, karibu na zile siku za Machi na Septemba ambazo mchana na usiku hulingana, jua lenyewe hupita nyuma ya setilaiti na kuifunika ishara kwa kelele zake, dakika chache kila siku, kwa siku kadhaa mfululizo, kisha mambo hurejea kama yalivyokuwa pasipo mtu kugusa kitu.

Nayataja madogo haya kwa makusudi, kwani hoja yangu imejengwa juu yake. Anayechagua baina ya njia ya mbinguni na njia ya ardhini, khasa pembezoni mwa mji na vijijini, huulizwa na wauzaji juu ya kasi na bei. Walakini swali la kwanza linalompasa ni hili: njia hii ikiharibika, ni nani atakayeitengeneza, naye atatoka umbali gani? Maradhi ya dishi ni mengi, lakini ni mafupi, na dawa yake imo uani.

Simu ya waya za shaba, ile iliyowapa watu wa nchi nyingine intaneti yao ya kwanza, haikupata kuenea Sudan Kusini. Nchi ilipopata uhuru tarehe 9 Julai 2011, na kupewa namba yake ya simu ya 211, takriban mawasiliano yake yote na ulimwengu yalipitia angani, na upana wa megabiti moja kwa sekunde uliweza kugharimu zaidi ya dola elfu kwa mwezi. Taabu haikuwa bei peke yake. Ujumbe hupanda na kushuka, na jibu hupanda na kushuka vilevile, jumla ya safari nne zinazokaribia kilomita 143,000, na mwanga wenyewe, pamoja na mbio zake zote, hautimizi safari hiyo chini ya karibu nusu sekunde. Nusu sekunde si kitu kwa barua. Lakini ukurasa mmoja wa intaneti haufiki kwa ombi moja, bali ni mfano wa kumtuma mtoto dukani akanunue chumvi, akarudi, ukamtuma sukari, akarudi, ukamtuma kiberiti, hata jioni ikaingia na chungu hakijainjikwa. Setilaiti za O3b, zilizo kilomita 8,062 tu juu ya ardhi, zilipunguza kuchelewa huko kwa kiasi kikubwa, na Juba ilikuwa miongoni mwa miji iliyozitumia.

Mkongo, yaani kebo ya nyuzi za kioo, ulikuja kwa njia ya barabara. Barabara ya Juba hadi Nimule mpakani, yenye kilomita 192, ilitiwa lami na kukamilika mwaka 2012 kwa fedha za Marekani, na mnamo Februari 2020 kampuni ya Liquid Telecom, pamoja na serikali, ilitangaza kwamba mkongo wa kwanza umefika Juba kutoka mpaka wa Uganda, takriban kilomita 200, kuungana na njia zinazoshuka Kampala na Nairobi hadi baharini Mombasa. Kazi ya kuunga nyuzi hizi inastahili kutazamwa kwa karibu. Uzi mmoja wa kioo una unene wa mikromita 125, kiasi cha unywele. Fundi huuvua gamba lake, huufuta kwa spiriti, huukata pasi kuuponda, kisha huzilaza ncha mbili ndani ya mashine ndogo inayozipatanisha na kuziyeyusha pamoja kwa cheche ya umeme. Chembe moja ya vumbi la barabarani ikiingia kati, kiungo hurudiwa tangu mwanzo.

Na mkongo ukikatwa na greda? Hapo ndipo tofauti ya maradhi inapodhihirika. Kipo kipimo kinachopeleka mwanga ndani ya uzi na kungoja mwangwi wake: mwanga hukimbia ndani ya kioo kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo mwangwi ukirudi baada ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, uharibifu uko kilomita 100 kutoka hapo. Fundi aliyeketi Juba hujua mahali pa jeraha, pengine kwa kukaribia mita chache, kabla hajanyanyuka kitini. Lakini kujua si kufika. Barabara ile imepata kushambuliwa na watu wenye silaha mara kwa mara, na mwenye mashine ya kuunga huenda asubiri msafara. Na pengine jeraha haliko barabarani kabisa: tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika upande wa kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota. Mtu wa Juba hana ngazi ya kupandia huko.

Setilaiti mpya zirukazo kilomita 550 hivi juu ya ardhi zimeibadilisha mizani, kwani kuchelewa kwake hakuhisiwi katika mazungumzo, na dishi lake halizidi sinia kwa ukubwa. Hata hivyo dishi hilo hula umeme, aghalabu wati 50 hadi 100 mchana na usiku, ilhali kifaa cha mkongo nyumbani huridhika na 10 hivi. Wati 75 kwa saa 24 ni kilowati-saa 1.8; penye jua la saa 5 zenye nguvu, hiyo ni paneli ya wati 360 kabla ya kuhesabu upotevu, na betri ya kuuvuka usiku. Anayenunua dishi pasipo kufanya hesabu hii atalaumu setilaiti kwa kosa la betri.

Kwa hiyo, mwenye ofisi karibu na mkongo mjini Juba namshauri auchukue, wala asiuze dishi lake. Kwa zahanati iliyo upande wa Terekeka, kando ya Nile, ikiwa mkongo haujafika, ningeanza na paneli na betri, kisha dishi, kisha kijana mmoja wa palepale afundishwe kulisafisha, kukaza nyaya na kusoma taa zake. Na siku mkongo utakapofika, dishi lisishushwe. Lizimwe, na liwashwe mara moja kila mwezi ili ijulikane kama lingali hai.